Swali la Tisa kwa Mama Mkwe

Mume wangu, Dany Kalenga, alijiandikisha chuo kikuu bila kuniambia. Nilijua siku aliporudi nyumbani na daftari jipya kifuani, uso unang'aa, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta mbuzi mnono. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, fundi wa redio na simu karibu na stesheni ya Kamina, na mimi nilikuwa nimeinama kwenye cherehani nikishona sare za kwaya.

"Laetitia, ya leo minyi niko mwanafunzi," akasema.

"Ya kujifunza nini?"

"Journalisme. Lakini hapana ile ya politike. Ya science na environnement. Mvula, samaki, udongo, miti."

"Na bantu je?"

"Bantu banaishi wapi? Si mu hiyo bintu yote?"

Mimi nina hasira za karibu, mtaa mzima unajua, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini alikuwa anacheka peke yake kwa furaha, hasira ikanipotea njiani. Sababu yake ilikuwa hii: kwa miaka kumi na miwili alitengeneza redio za watu, na kila redio iliyopona ilianza mara moja kumwambia nani amekufa na nani amefukuzwa kazi. Hakuna hata moja iliyomweleza kwa nini visima vyetu vinakauka mwezi wa tisa, wala kwa nini samaki wanaoletwa na treni kutoka Bukama wanazidi kuwa wadogo. Akasema kama redio hazitaki kusema, ataingia mwenyewe ndani ya redio akaseme.

Basi nikawa mke wa mwanafunzi. Mwalimu wao mkuu, Bwana Ngandu, aliwafundisha kwamba habari haisimami bila vyanzo viwili, na Dany akalileta somo hilo mpaka jikoni. Nikisema chumvi imekwisha, anauliza, "Nani mwingine aliona?" Nikamjibu chanzo cha pili ni ulimi wako, utakihoji ukila. Akacheka, kisha akaliandika. Alimhoji mchoma makaa mmoja kwa muda mrefu hata yule mzee akaomba ruhusa ya kurudi kazini. Alipanda treni ya mizigo mpaka Bukama kuangalia nyavu za wavuvi, akarudi baada ya siku nne ananuka samaki, akanikalisha chini nisikilize dakika arobaini za sauti za vyura alizorekodi kando ya Lualaba. Nilisikiliza zote. Ndoa ni kazi.

Mwaka wa mwisho ukafika. Kila mwanafunzi alitakiwa kufanya uchunguzi wake, autangaze redioni, kisha autetee mbele ya jury, jopo la walimu. Walianza saba, wakabaki watano, na chuo kilikuwa kimeshatangaza kwamba kwa uchache huo tawi lile halitafunguliwa tena mwaka unaofuata. Maana yake ilikuwa wazi kwetu sote: Dany ashinde safari hii, au arudi kwenye meza yake ya redio mbovu na vyura wake. Hakukuwa na mwaka wa kurudia.

Akachagua mvua. Na chanzo chake cha mvua kilikuwa mama yangu mzazi.

Mama yangu anaitwa Mauwa. Anakaa katika nyumba zile za matofali mekundu za watu wa reli, hatua chache kutoka njia ya treni. Baba yangu, Papa Urbain, alikuwa mtu wa reli, na pamoja na kazi zake nyingine alipewa kopo la mvua alisimamie nyuma ya nyumba, kwa sababu mvua kubwa hula udongo chini ya reli na wakubwa walitaka kujua imenyesha kiasi gani. Baba alifariki mwaka 1996. Kesho yake asubuhi, saa moja kamili, huku waombolezaji wamelala uani kwenye mikeka, Mama alitoka na ile chupa ya kioo yenye mistari, akamimina maji ya kopo ndani yake, akasoma, akaandika. Hakuna aliyemtuma. Baadaye hakuna aliyekuja kuyaomba yale makaratasi, lakini yeye akaendelea. Nilipomuuliza kwa nini haachi, alinijibu, "Mvula yenyewe iliacha?"

Siku Dany alipojua kwamba kabatini mwa mama mkwe wake kuna daftari za mvua za miaka ishirini na saba, alikosa usingizi na hamu ya kula kwa pamoja. Alikuwa na hazina. Tatizo lilikuwa moja tu: asingeweza kuongea na mwenye hazina.

Kwetu kuna bukwe. Mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na hawasemezani. Wakikutana njiani, mkwe anaingia majanini mpaka mama apite. Si chuki, ni heshima, na ni heshima inayochosha sana mtu wa katikati. Siku hizi vijana wengi wanaona ni mambo ya zamani, wanakumbatiana na mama wakwe zao siku ya harusi mbele ya mpiga picha. Mama yangu si mtu wa kukumbatiwa mbele ya mpiga picha. Zipo njia za kuilegeza hiyo haya, lakini Mama alisema hana haraka. Kwa miaka saba ya ndoa yetu hawakuwa wamebadilishana hata neno moja, ingawa walipendana sana. Huyu anatuma samaki, yule anatuma karanga, kila mmoja anauliza mgongo wa mwenzake unaendeleaje, na posta ni mimi.

Kwa hiyo mahojiano ya kwanza makubwa ya Dany yalifanyika hivi. Mama alikaa barazani, ametupa mgongo. Dany alikaa nje ya ua, naye ametupa mgongo, kinasa sauti mkononi, maswali kumi na moja yameandikwa kwenye karatasi. Mimi nilisimama katikati. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa.

"Umuulize Mama, alianza mwaka gani," Dany akasema kwa sauti ya kusikika hadi relini.

"Mama, anauliza ulianza mwaka gani."

"Umuambie, mwaka ile baba yako alikufaka."

"Anasema mwaka Papa alikufa."

"Umuambie pole sana."

"Mama, anasema pole sana."

"Umuambie aksanti. Umuambie mgongo wake uko namna gani?"

Kufika swali la nane jua lilikuwa utosini na nilikuwa nimeshasema maneno ya watu wawili hadi yangu mwenyewe yameniishia. Dany akapigiwa simu na mteja dukani. Akaniachia karatasi kupitia ua, akaniomba nimalizie matatu yaliyobaki. Swali la kumi lilikuwa sawa. La kumi na moja lilikuwa sawa. La tisa ndilo lililonipandisha damu. Liliandikwa: Je, kuna siku hakupima?

Fikiria. Mwanamke ameamka saa moja asubuhi kwa miaka ishirini na saba, bila mshahara, bila asante, halafu mkwe wake amtume binti yake aulize kama alikuwa mvivu. Kwetu huwezi kumuuliza hivyo mzazi wa mke. Na mimi si nilikulia nyumba ile? Si nilimwona kwa macho yangu akitoka na chupa yake kila siku iendayo kwa Mungu? Nikachukua kalamu, nikaandika jibu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kuliko wa kawaida: Hapana. Kila siku.

Nikamrudishia karatasi. Akanibusu paji la uso.

Daftari zilivuka vilevile, kutoka kwa Mama kuja kwangu, kutoka kwangu kwenda kwake, zimefungwa ndani ya kitenge. Kwa wiki tatu Dany alikaa na kompyuta ya kuazima akiingiza namba. Mama alikuwa na utaratibu wake: siku ikiwa na maji anaandika namba ya milimita, siku ikiwa kavu anaacha nafasi tupu. Alasiri moja nilisikia kelele chumbani, nikadhani nyoka. Dany akatoka mbio, akapiga teke kasha langu la nyuzi, nyuzi zikasambaa mpaka uani.

"Siku ya Mungu! Laetitia, siku ya Mungu mvula hainyeshe!"

"Wapi?"

"Hapa! Kamina! Siku ya Mungu elfu moya mia ine na zaidi, zote tupu! Hakuna ata tone! Na kesho yake, siku ya kazi moya, njo mvula inanyesha mingi kupita siku zote! Uone! Uone weye mwenyewe!"

Nikaona. Safu nzima ya Jumapili ilikuwa nyeupe kama meza ya kanisa, na Jumatatu zilikuwa zimefurika. Dany akaanza kuzunguka chumba akitafuta sababu, na sababu ikamjia kabla hajamaliza mzunguko wa pili. Jumapili wachoma makaa hawachomi. Wachoma matofali hawachomi. Hewa inakuwa safi. Na tone la mvua, walifundishwa, linahitaji kavumbi kadogo ka kukaa juu yake lianze kukua. Hakuna moshi, hakuna vumbi, hakuna mvua! Alinikamata mikono, tukacheza juu ya nyuzi zangu, naye anaimba kwamba moshi ndio mbegu ya mvua, na mimi nacheka hadi mbavu zinauma.

Sasa niseme ukweli. Katikati ya ile ngoma nilikumbuka Jumapili tuliyompeleka mtoto wetu kanisani kuombewa. Ilinyesha mvua ya kuvunja migomba, na viatu vyangu vipya vya gundi vilifunguka kama midomo. Ilikuwa Jumapili. Kanisa letu halimwombei mtoto Jumatano. Lakini nani angebishana na daftari za miaka ishirini na saba? Daftari za Mama? Na yule mtu alikuwa na furaha jamani, furaha ya kuambukiza. Nikanyamaza, na kunyamaza si desturi yangu.

Mwalimu Ngandu naye alikunja uso kidogo. Akauliza kama swali la siku zisizopimwa liliulizwa. Dany akamwonyesha karatasi yenye mwandiko mzuri. Mwalimu akasoma, akakuna kichwa, akasema yeye binafsi Jumapili hulala mchana kutwa, kwa hiyo hawezi kuwa chanzo. Kipindi kikapewa ruhusa.

Kilitangazwa Jumatano moja mwanzoni mwa Novemba. Nilikuwa kwa Mama. Sauti ya Dany ilipotoka redioni, Mama alishtuka, akageuza kiti, akaipa redio mgongo kwa heshima, akajifunika kitenge begani na kusikiliza hivyo hadi mwisho. Kisha akasema, "Umuambie mukwe, amesema muzuri." Basi.

Kamina ikapagawa. Mchungaji mmoja alihubiri juu yake. Timu za mpira zikahamisha mechi. Bibi harusi wawili wakaja kwangu kubadilisha tarehe ya kuchukua magauni. Ajabu ni kwamba watu wote hawa walikuwa wamelowa Jumapili katika maisha yao, tena si mara moja, lakini sasa kila aliyekumbuka alipata wa kumsahihisha. Jirani yangu alisema yeye alinyeshewa Jumapili ya Pasaka. Mumewe akamjibu, "Ile haikukuwa ya siku ya Mungu. Ilikuwa mvula ya samedi, ilichelewa tu." Akakubali kwamba ni mvua ya Jumamosi! Dany akitembea sokoni watu walimwita Papa Mvula, na yeye anawapungia mkono, anajaribu kuonekana mnyenyekevu, hawezi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa kavu kabisa. Aa, jamani, siku ile! Watu walikuja uani kwetu kumpongeza kana kwamba yeye ndiye aliyeizuia.

Jumapili ya pili, kwaya yetu ikaamua kuimbia nje, uwanjani, watu sitini, wote wamevaa sare za zambarau nilizoshona kwa mikono yangu. Saa nne hivi mawingu yakaja kutoka upande wa Base, kambi ya jeshi. Watu wakayatazama kwa dharau. Tone la kwanza lilipoanguka, mwalimu wa kwaya akasema kwa sauti, "Ni jasho ya ndege." Halafu mbingu ikafunguka. Ilinyesha tukashindwa kuonana. Kitambaa kile, ambacho muuzaji aliniapia hakitoi rangi, kilitoa rangi yote. Sopran wakawa zambarau, tenor wakawa zambarau, mtoto aliyekuwa amebebwa mgongoni akawa nusu zambarau. Na Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka hadi nikakaa kwenye tope. Dany peke yake hakucheka. Alisimama katikati ya uwanja, maji yanamtiririka masikioni, anatazama juu. Alhamisi ilikuwa siku ya kujitetea.

Jumatatu asubuhi mapema, kabla hatujanywa chai, pikipiki ikasimama mlangoni. Alishuka mama mmoja mnene, mrembo, na beseni kichwani. Alijitambulisha kwa jina la Bolingo, mke wa askari, anaishi Base, anauza unga wa muhogo. Akatua beseni miguuni mwa Dany. Ndani mlikuwa na muhogo uliolowa, umeanza kuvunda, unanuka hadi kwa jirani.

"Papa journaliste," akasema, "nilikuletea mvula yako."

Dany akainama kuangalia.

"Ku Base bamama bote balianika mihogo jana, bakaenda kusali," Bolingo akaendelea. "Juu ya weye. Minyi nilikuwa nasema, ndeko, ndugu yangu, radio inaweza kudanganya mambo ya politike, lakini mambo ya mvula hapana!" Alikuwa na hasira na kicheko kwa wakati mmoja, mabega yanamtikisika. Dany akamwomba msamaha, akamwomba akae, akaniomba nimpe chai. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Laetitia. Swali ya tisa. Mama alijibu namna gani? Na maneno yake mwenyewe."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilitazama chai, nikatazama muhogo, nikamwambia yote. Kwamba sikuuliza. Kwamba jibu lilikuwa langu. Kwamba niliona haya, na nilikuwa na hakika. Bolingo aliacha kunywa. Nilingoja anipigie kelele, na ningefurahi, maana kelele ninazijua. Dany alikaa chini polepole kwenye kiti cha cherehani yangu.

"Jeudi," akasema. Alhamisi ilikuwa siku tatu mbele.

Roho iliniuma. Nilikuwa nimechukua miaka yake yote ya kusoma nikaiwekea jiwe bovu kwenye msingi, tena kwa mwandiko mzuri.

Tulikwenda kwa Mama palepale, mimi mbele, yeye hatua kumi nyuma, na Bolingo akafuata kwa sababu alisema hawezi kuondoka bila kujua mwisho. Mama alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupima. Kwenye daftari ameandika 46. Dany akasimama nje ya ua na kugeuka. Nikauliza swali la tisa.

"Mama, iko siku haupimake?"

Mama alinitazama kama niliyeuliza kama jua lina mke.

"Siku ya Mungu," akasema. "Siku ya Mungu sipimake. Njo siku ya kupumzika. Ata kopo inapumzika."

"Na mvula ikinyesha siku ya Mungu?"

"Inabakia mu kopo. Naikuta siku ya kazi moya, napima yote pamoya. Weye hukujua? Siku ya Mungu saa moya si tuko tayari mu kanisa?"

Nje ya ua nilisikia kitu kinaanguka majanini. Alikuwa Dany, amekaa.

"Sasa Mama, ulisikia radio! Juu ya nini haukusema?"

"Nani aliniuliza? Na tena, minyi nisahihishe mukwe? Nilizani siku ya Mungu alizipata kwingine, kule ku université." Akafunga daftari, akaongeza, "Umuambie mgongo wake uko namna gani."

Bolingo alicheka hadi akashika ukuta. Na kutoka majanini nikasikia Dany naye ameanza, kwanza kidogo kidogo, kisha kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeanguka kutoka juu akakuta hajavunjika. Mama, amegeukia ukuta, akatabasamu.

Mwalimu Ngandu aliposikia, alimshauri njia rahisi: aseme chanzo kilimpa habari pungufu. Dany akakataa. "Chanzo ni mama mukwe wangu, na hakuulizwa," akamjibu. Siku mbili alichana kurasa na kuandika upya. Jumatano, saa ileile ya kipindi chake, alirudi redioni akasema kwa jina lake lote kwamba amekosea, kwamba Kamina mvua inanyesha Jumapili kama siku nyingine, na kwamba nafasi tupu kwenye daftari haina maana ya siku kavu mpaka umwulize aliyeandika. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alijitahidi kuyazoa. Mji ulicheka siku nzima. Mume wa jirani yangu alidai yeye alijua tangu mwanzo.

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wengine walikuja kujifunza, wengi walikuja kuona Papa Mvula akinyeshewa. Mwenyekiti wa jury alikuwa profesa mmoja wa jiografia, mama mwenye miwani minene ambaye hakucheka na mtu. Alifungua ukurasa wa kiambatisho, akaweka kidole.

"Swali ya tisa. Nani alijibu?"

"Kosa ni langu, Madame," Dany akasema. "Nilipokea jibu bila kulisikia na masikio yangu."

Alisimama wima, koti la kuazima linambana kwapani, anabeba mzigo wangu mbele ya watu mia mbili. Sikuweza. Nikainuka nyuma ya ukumbi.

"Bongo, ni uongo! Ni minyi nilijibu! Yee alituma swali, minyi nilikataa kuipeleka!"

Ukumbi ulilipuka. Profesa akapiga meza kalamu.

"Na weye, Kalenga, juu ya nini haukuenda kumuuliza huyu mama weye mwenyewe, kinywa kwa kinywa?"

Dany akatazama viatu vyake. "Madame, ni mama mukwe."

Profesa alivua miwani. Aliipangusa muda mrefu, midomo imekazwa, na mabega yakaanza kumsaliti. Baadaye nilisikia naye ana wakwe watatu. Jury ikatoka, ikarudi baada ya nusu saa iliyonimaliza kucha. Uamuzi ulikuwa hivi: kazi imekubaliwa, tena kwa sifa kwa sehemu ya kujisahihisha. Lakini diploma haitatiwa sahihi mpaka mvua ziishe mwezi wa nne, na Dany alete kitu ambacho daftari haina. Alete Jumapili. Apime mwenyewe, kila Jumapili, kwa kopo lilelile.

Nikaupeleka ujumbe kwa Mama kwa woga, maana mtu wa kumwomba aruhusu kazi siku ya Mungu ndani ya ua wake alikuwa bado hajazaliwa. Alifikiri akimenya karanga.

"Umuambie zambi ni yake," akasema mwishoni. "Kopo ni yangu."

Jumapili ya kwanza ilinyesha alfajiri. Saa moja kamili, Mama yuko kanisani, Dany aliingia katika ua ule peke yake kwa mara ya kwanza, na mimi nikiwa mlangoni kama mlinzi. Alimimina, akasoma akiwa amesimama, akasoma tena, akaandika kwenye daftari la Mama kwa kalamu nyekundu: 19. Hakumwaga yale maji. Aliyaacha ndani ya chupa, akafunika na kisahani, ili Mama akitaka aone.

Jumatatu Mama alinipa daftari nimpelekee. Dany alilifungua dukani, katikati ya redio zake. Ile 19 ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu ya bluu. Pembeni, kwa mwandiko ule wa miaka ishirini na saba, palikuwa na maneno ambayo hayakupitia kwangu:

"18. Dany, inama. Soma fasi, pale mayi iko chini."

Alisoma kimya. Akasoma tena kwa sauti. Kisha akatoka barabarani na daftari juu ya kichwa, anaruka, anawapigia kelele wauza mkate na wenye pikipiki na abiria waliokuwa wanashuka kutoka treni, "Mama amenisemesha! Anasema nimekosea! Mama mukwe anasema nimekosea!" Watu wakamshangilia bila kujua kwa nini, na mimi nilikuwa nalia na kucheka mbele ya duka, sina hata kitenge cha kujifutia.

Diploma ilitiwa sahihi mwezi wa saba. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, tukala kuku. Lakini kuruka, hakuruka.